Namna ya Kupima Nguvu ya Msuli wa Moyo na Kuifanyia Hesabu, Ukiwa Dar es Salaam

Utafiti wa namna misuli inavyokaza una pande mbili ambazo mara nyingi hufundishwa kana kwamba hazijuani. Upo upande wa maabara, wenye vipande vya nyama, chumvi na vipimo vya nguvu, na upo upande wa kompyuta, wenye milinganyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa fiziolojia, fizikia au uhandisi wa vifaa tiba aliyeko Dar es Salaam, ambaye anataka kufanya yote mawili bila kusubiri maabara ya mabilioni. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: andika mlinganyo kabla ya kushika kisu, kwa sababu mlinganyo ndio utakaokuonyesha ni kipimo gani kitakachokosekana baadaye.

Msuli wa moyo na misuli inayoshikamana na mifupa hukaza kwa njia moja ya msingi. Ndani ya kila unyuzi kuna vyumba vidogo vilivyopangwa kwa mfuatano, vinavyoitwa sarkomia, na katika kila chumba nyuzi nyembamba za aktini hupishana na nyuzi nene za maiosini. Mwaka 1954 makundi mawili, la A. F. Huxley na Niedergerke na la H. E. Huxley na Hanson, yalionyesha kuwa msuli unapojifupisha nyuzi hizo hazifupiki zenyewe bali huteleza moja juu ya nyingine. Kinachozitelezesha ni vichwa vya maiosini, ambavyo hushika aktini, huvuta, kisha huachia kwa kutumia ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Mwaka 1957 A. F. Huxley aliweka mzunguko huo wa kushika na kuachia katika hesabu, na mpaka leo sehemu kubwa ya miundo ya kompyuta ya misuli hujengwa juu ya wazo hilo.

Anza na muundo rahisi kuliko yote. Tuseme N ni sehemu ya vichwa vilivyoshika aktini kwa wakati fulani, f ni kasi ya kushika, na g ni kasi ya kuachia. Badiliko la N kwa kila sekunde ni f(1 − N) − gN. Hali ikitulia, N inakuwa f/(f + g), na ukiivuruga hali hiyo ghafla, N hurudi mahali pake kwa kasi ya f + g. Hesabu hii unaweza kuifanya kwa Python au Octave, ambazo ni programu za bure, au hata kwa jedwali la kawaida la kompyuta: chukua hatua za sekunde 0.001, na katika kila hatua ongeza kwenye N ya sasa zao la 0.001 na badiliko lililotajwa hapo juu.

Sasa jaribu misuli miwili ya kubuni. Wa kwanza una f = 10 na g = 10 kwa sekunde; wa pili una f = 2 na g = 2. Yote miwili itatulia kwenye N = 0.5, na kipimo chako cha nguvu iliyotulia hakitaona tofauti yoyote. Ni kama daladala lililojaa nusu: huwezi kujua kwa kulitazama kama abiria wanapanda na kushuka kila kituo au wamekaa tu tangu Mbagala. Ukivuruga hali hiyo, hata hivyo, msuli wa kwanza utarudisha nusu ya nguvu yake kwa takriban milisekunde 35, na wa pili kwa takriban milisekunde 173. Hapo ndipo muundo unapokulipa, kwa kuwa umekwambia, kabla hujatumia hata tone la kemikali, kwamba unahitaji vipimo viwili: nguvu iliyotulia na kasi ya nguvu kurudi. Ukiwa na N na kasi ya kurudi, ambayo tutaiita k, basi f = N × k na g = (1 − N) × k.

Kwa upande wa nyama, jiji hili lina hazina ambayo watafiti wengi wanaipita. Katika machinjio ya Vingunguti mioyo ya ng'ombe na mbuzi hupatikana mapema asubuhi ikiwa mibichi kabisa, na kwa kuwa mnyama amechinjwa kwa ajili ya kitoweo, utafiti wako hauongezi kifo cha mnyama hata mmoja. Fuata utaratibu: pata idhini ya chuo chako, zungumza na daktari wa mifugo anayekagua nyama, na chukua moyo uliokwisha kukaguliwa tu, ukiwa umevaa glavu, kwa sababu brusela na kimeta ni magonjwa yanayompata binadamu. Elewana mapema na mchinjaji, kwa heshima na kwa bei inayoeleweka, kwani yeye ndiye atakayeamua kama moyo utakufikia ukiwa na joto au baada ya saa nzima.

Suuza moyo kwa mmumunyo baridi wa chumvi, uweke ndani ya chombo chenye mmumunyo huohuo, na chombo hicho ndicho kizungukwe na barafu. Nyama isiguse barafu yenyewe. Maabarani fungua ventrikali ya kulia utafute vijiti vyembamba vya msuli vinavyopita kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Vijiti hivyo ni bora kuliko kipande ulichokikata ukutani, kwa kuwa nyuzi zake zimelala upande mmoja. Kata kwa mmumunyo wenye butanedioni monoksimu kiasi cha milimola 20 hadi 30 kwa lita, ambayo huzuia msuli kukaza na kujiumiza wakati wa kukatwa.

Kisha ondoa utando wa seli. Loweka vipande usiku kucha, kwenye nyuzijoto 4 za Selsiasi, katika mmumunyo wa kulegeza wenye ATP, magnesiamu, EGTA (kemikali inayoshika kalsiamu) na Triton X-100 (sabuni inayoyeyusha utando) kwa asilimia 1. Utando ukishatoka, wewe ndiye unayeamua kiasi cha kalsiamu kinachofikia aktini na maiosini, na kalsiamu ndiyo inayouamuru msuli ukaze. Vipande vinavyobaki vihifadhi katika mchanganyiko wa nusu gliserini na nusu mmumunyo wa kulegeza kwenye nyuzijoto −20, njia iliyotokana na kazi ya Albert Szent-Györgyi ya miaka ya 1940. Kwa kuwa umeme hukatika, jaza nafasi tupu za friza kwa pakiti za barafu na weka kipimajoto kinachoandika joto la juu kabisa lililofikiwa, ili usije ukapima kipande kilichoharibika ukadhani umegundua jambo jipya.

Unene wa kipande ni suala ambalo halina mjadala. ATP huingia kutoka nje kwa kupenya polepole, na kipande kikiwa kinene sehemu ya katikati hukosa ATP, vichwa vya maiosini hung'ang'ania aktini, na unachopima ni ugumu wa mzoga. Chagua kipande chenye kipenyo cha mikromita 150 au pungufu. Kipande cha mikromita 150 kina eneo la takriban milimita za mraba 0.018, na kikitoa kilopaskali 50, nguvu yake ni karibu milinyutoni 0.9, sawa na uzito wa miligramu 90. Andika namba hiyo ukutani, kwa sababu ndiyo inayoamua ununue kifaa gani.

Kipimo cha nguvu kinaweza kutengenezwa kwa bapa jembamba la chuma lililobandikwa geji za mnyumbuko, yaani vipande ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika bapa linapopinda. Moduli ya HX711 inayouzwa kwa bei nafuu, ambayo hugeuza ishara ya geji kuwa namba za kompyuta, husoma mara 80 kwa sekunde kwa upeo wake, yaani mara moja kila milisekunde 12.5. Kwa msuli wetu wa pili wa kubuni utapata vipimo vipatavyo 14 ndani ya nusu ya marejeo, jambo linalotosha. Kwa ule wa kwanza utapata viwili au vitatu, jambo lisilotosha hata kidogo. Ukiweza, tafuta mfumo unaosoma mara 1000 kwa sekunde. Kusawazisha kipimo ni rahisi: karatasi ya kawaida ya kutolea kopi yenye gramu 80 kwa mita ya mraba ina miligramu 8 kwa kila sentimita ya mraba, hivyo kipande cha sentimita 2 kwa 5 kina miligramu 80. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu na karatasi huunyonya, kwa hiyo pima vipande hivyo kwenye mizani ya maabara siku ileile unayovitumia.

Urefu wa sarkomia nao lazima ujulikane, kwani mwaka 1966 Gordon, Huxley na Julian walionyesha kwenye misuli ya chura kuwa nguvu hufikia kilele sarkomia zikiwa na takriban mikromita 2.0 hadi 2.2, na hutoweka zikifikia 3.65. Pitisha kurunzi ya leza nyekundu ya nanomita 650 katikati ya kipande kilichoko ndani ya kisahani chenye kitako bapa cha kioo, na weka karatasi nyeupe umbali wa sentimita 10. Mpangilio wa sarkomia utagawanya mwanga, na utaona mstari mwekundu kila upande wa doa la katikati. Mstari ukiwa sentimita 3.1 kutoka katikati, sarkomia zina mikromita 2.2, vuta kipande taratibu hadi mstari usogee kwenye sentimita 2.8, na sasa zina mikromita 2.4. Kwa msuli wa mguu mistari huonekana wazi. Kwa msuli wa moyo huwa hafifu, hivyo zima taa na uwe mvumilivu.

Sehemu inayowaangusha wengi ni mimumunyo ya kalsiamu. Sydney Ringer alijifunza jambo hili London katika miaka ya 1880, pale moyo wa chura ulipoendelea kupiga katika mmumunyo uliotengenezwa kwa maji ya bomba lakini ukashindwa katika ule wa maji yaliyotoneshwa: kalsiamu ilikuwa ndani ya maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi nyingi, kwa hiyo tumia maji yaliyoondolewa ayoni pekee, na yahifadhi kwenye chupa za plastiki. Namba ya pCa hueleza kiasi cha kalsiamu huru kwa namna ileile pH inavyoeleza uasidi. Tengeneza mimumunyo miwili ya mwisho, mmoja wenye pCa 9 wa kulegeza na mwingine wenye pCa 4.5 wa kukaza kikamilifu, kisha uichanganye kwa viwango ili kupata ya katikati. Namba ya pCa ikipungua, kalsiamu imeongezeka.

Tatizo ni kwamba uwezo wa EGTA kushika kalsiamu hutegemea sana pH, kiasi kwamba kosa la pH la 0.1 hubadilisha kalsiamu huru kwa karibu mara 1.6. Na pH yenyewe hutegemea joto: pH ya mmumunyo wa imidazoli, mojawapo ya kemikali zinazotumika kuituliza pH, hupanda takriban 0.02 kwa kila nyuzijoto 1 inayoshuka. Fikiria basi mtu aliyerekebisha pH kuwa 7.0 kwenye meza yenye nyuzijoto 30, kisha akafanya jaribio kwenye nyuzijoto 15. pH imepanda 0.3, na kalsiamu huru imepungua kwa karibu mara 4, ilhali kibandiko cha chupa hakijabadilika. Hilo ni kosa kubwa kuliko tofauti nyingi za kibayolojia utakazotaka kuzipima. Rekebisha pH mmumunyo ukiwa na joto lilelile la jaribio, na programu ya kukokotoa kalsiamu huru ipewe joto hilohilo. Nyuzijoto 15 ni chaguo zuri, kwa kuwa vipande visivyo na utando huchakaa haraka kwenye joto la chumba chetu.

Siku ya kupima, kaza kipande kikamilifu kwanza, kilegeze, pitia pCa za katikati, kisha kikaze kikamilifu tena. Nguvu ya mwisho ikiwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 20, tupa matokeo ya kipande hicho chote. Katika kila pCa, nguvu ikishatulia, kifupishe kipande ghafla kwa asilimia 20 ya urefu wake na ukirudishe palepale. Vichwa vilivyokuwa vimeshika vitaachia, nguvu itaanzia karibu na sifuri, na mwendo wa kupanda kwake utakupa k. Mkono wa diski ngumu ya kompyuta chakavu, ukipewa umeme unaodhibitiwa, huifanya kazi hiyo ya kufupisha vizuri sana.

Ili kupata N usitumie nguvu peke yake, kwa sababu hujui kila kichwa kinavuta kwa kiasi gani. Mwishoni mwa jaribio ondoa ATP na kalsiamu ili vichwa vyote vishike, pima ugumu wa kipande kwa kukinyoosha kidogo sana, na ulinganishe na ugumu wa wakati wa kukaza. Uwiano huo ni makisio ya N, yenye kasoro kwa kuwa nyuzi zenyewe nazo hunyooka, na kasoro hiyo iandikwe wazi. Katika kuchambua, hesabu wanyama na si vipande: vipande 12 kutoka kwa ng'ombe 2 ni sampuli 2.

Msuli wa mguu wa mnyama huyohuyo ni mlinganisho wa lazima, na kunyoosha msuli wa moyo kabla ya kuukaza ni hatua nzuri inayofuata, kwa kuwa kwa kuunyoosha hisia yake kwa kalsiamu huongezeka, na hiyo ni sehemu ya kanuni ya Frank na Starling, kwamba moyo ukijaa damu zaidi hupiga kwa nguvu zaidi. Kumbuka tu kuwa kipande kisicho na utando hakiwezi kukueleza namna kalsiamu inavyotolewa ndani ya seli, mahali ambapo moyo na misuli ya mifupa hutofautiana sana: moyo huhitaji kalsiamu iingie kutoka nje ili nyingine itolewe, na misuli ya mifupa haihitaji hivyo.

Kazi hii ina uzito kwa wagonjwa. Dawa ya mavacamten, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa wagonjwa wenye msuli wa moyo ulionenepa kiasi cha kuziba njia ya damu, hufanya kazi kwa kupunguza vichwa vya maiosini vinavyoshika aktini. Ukitaka kuhama kutoka moyo wa ng'ombe kwenda kwenye vipande vinavyotolewa katika upasuaji wa binadamu, utahitaji ridhaa ya mgonjwa pamoja na kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza maombi hayo wakati bado unajifunza kwenye moyo wa Vingunguti, na uambatishe kwenye maombi michoro yako ya nguvu, thamani za f na g ulizozipata, na joto ulilozipatia.