Somo: Kuchagua gari la dizeli lililotumika, la bei nafuu na lisilokula mafuta

Wakuu, habari za asubuhi. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Nina milioni kumi na mbili, nataka dizeli kwa sababu haili mafuta, ninunue lipi?" Leo nijibu wote kwa pamoja, hatua kwa hatua. Mimi si fundi. Nimenunua dizeli tatu kwa hela yangu. Mbili zilinifaa, moja ilinifundisha adabu pale mlima Kitonga, njia ya kwenda Iringa.

HATUA YA 1: Piga hesabu ya safari zako kwanza

Kweli dizeli haili. Lita yake ina nishati nyingi kuliko lita ya petroli, na injini inabana hewa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta bila plagi ya cheche, kwa hiyo tone halipotei bure. Ila faida hiyo unaiokota barabarani. Tuseme petroli inakupa km 10 kwa lita, dizeli km 14, na zote ni shilingi 3,000 kwa lita (EWURA, wasimamizi wa bei ya mafuta Tanzania, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, weka ya siku yako). Mtu wa km 1,500 kwa mwezi atachoma 450,000 za petroli au kama 321,000 za dizeli. Anaokoa karibu 129,000. Mtu wa Sinza kwenda Kariakoo na kurudi, km 400 kwa mwezi, anaokoa 34,000 tu.

Sasa pampu ya dizeli igome, fundi aseme laki tisa. Wa kwanza anairudisha hela yake kwa miezi saba. Wa pili miaka miwili na ushee, na hapo hatujagusa nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Huyu wa pili anunue kapetroli kadogo alale usingizi. Najua wengi hamtaki kusikia hilo.

HATUA YA 2: Chagua injini, gari baadaye

Dalali atakuonyesha rimu na rangi. Wewe fungua boneti, tafuta kibati chenye namba ya chesesi, usome herufi za injini. Hizo ndizo unazonunua.

Kundi la wazee: Toyota 2C, 3L, 5L na 1HZ, zisizo na turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), pampu ya kimakanika. Ni nzito kukimbia, zina kelele, lakini fundi wa Tunduma na wa Bariadi wote wanazijua. 1HZ ni lita 4.2, kwa hiyo uimara utaupata, ubahili wa mafuta usiutarajie. Kwa mtu wa biashara ya mzigo na abiria mimi bado nasema 5L.

Kundi la pili ni zile zenye turbo za miaka ya tisini: 3C-T, 2L-TE, 1KZ-TE ya kwenye Prado na Surf. Zinavuta vizuri. Ugonjwa wao unajulikana na kila gereji: zikichemka, silinda hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda) inapasuka. Siyo kwamba usinunue. Nunua ukiwa umekagua mfumo wa maji kama unamkagua mkwe.

Halafu kuna D4D za Toyota (2KD, 1KD) na nyingine ambazo kompyuta ndiyo inapima mafuta. Hapa mafuta ni kidogo na nguvu ni nyingi, ila nozeli ni ghali. Kwenye 1KD ulizia hasa vishaba (washa za shaba) vilivyo chini ya nozeli: vikivuja, moshi unaingia kwenye oili, oili inaganda kama lami na kuziba chujio la kunyonyea huko chini. Injini inakufa kwa kiu huku kijiti cha oili kinasoma imejaa.

HATUA YA 3: Nenda alfajiri, injini ikiwa baridi

Mkisahau yote, hili msilisahau. Dizeli mbovu ikishapata moto ni mwongo mkubwa: inawaka kwa nusu mzunguko, moshi hakuna, inanguruma vizuri. Ukweli wake uko saa kumi na mbili asubuhi.

Ile iliyonifundisha adabu lilikuwa gari la viti saba lenye turbo. Tulikubaliana saa moja asubuhi, Morogoro. Nimefika, nikaweka kiganja juu ya boneti: vuguvugu. Muuzaji akacheka, "Nimetoka kulipeleka kuoshwa, bosi, nisingeweza kukuonyesha gari chafu." Kweli lilikuwa linametameta na maji yanadondoka chini ya mlango. Nikaona mtu mstaarabu. Kwenye buti kulikuwa na madumu mawili ya maji ya lita tano, sikuuliza ya nini. Wiki iliyofuata nimepita Ruaha Mbuyuni, nimebeba familia na gunia la vitunguu, naanza kuipanda Kitonga, kona ya tatu sindano ya joto ikasimama juu kabisa. Tulivutwa mpaka Iringa kwa kamba. Mke wangu hakusema neno tangu Ilula, na ninyi mnajua maana yake.

Kwa hiyo gusa boneti. Ikiwa ya moto, sema utarudi kesho. Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta (baridi tu, ikiwa moto utaungua uso). Maji yawe safi ya rangi ya kuleanti, ile dawa ya kupoza injini. Yakiwa na kutu au mafuta yanayoelea, ondoka. Washa bila kukanyaga mafuta, huku mwenzako anaangalia mdomo wa rejeta. Mapovu yakija mfululizo, au ukishaurudisha mfuniko mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu kama fimbo ndani ya dakika mbili wakati injini bado haijapata moto, hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Hiyo ni gasketi au hedi, na hakuna punguzo litakalokulipa.

Kabla ya kuwasha, weka swichi ON utazame dashibodi. Taa zote za onyo ziwake, ndipo zizime baada ya injini kuunguruma. Ile isiyowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa balbu. Kwenye Toyota nyingi za dizeli kuna taa ya T-BELT inayowaka mkanda wa taimingi ukifika muda wake, mara nyingi km 100,000. Wapo wanaoizima bila kubadilisha mkanda, hivyo omba risiti ya mkanda, au hesabu kwamba unaubadilisha siku unayolinunua. Mkanda ukikatika njiani, valvu na pistoni zinagongana.

HATUA YA 4: Soma moshi, oili na pumzi

Moshi mweusi kidogo ukikanyaga ghafla ni kawaida ya dizeli za zamani. Ukiwa mweusi tii mpaka bodaboda wa nyuma anakutukana, ni nozeli, pampu au chujio la hewa. Mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua. Ukikoma baada ya dakika moja, huenda ni hita tu, zile plagi za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha. Mweupe usiokoma, na maji yanapungua: rudi hatua ya 3. Wa bluu ni oili inaungua.

Injini ikiwa inaunguruma taratibu, legeza mfuniko wa kujazia oili uuache umekaa juu ya tundu. Ukitetemeka tu, sawa. Ukirukaruka, au mvuke ukatoka puu puu puu kama treni, ringi za pistoni zimekwisha. Oili kuwa nyeusi isikutishe, ya dizeli inakuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Cha kutisha ni oili iliyozidi alama ya juu na inanuka dizeli.

HATUA YA 5: Liendeshe mlimani

Nusu saa, na kuwe na mlima. Panda kwa gia ya juu uone kama turbo inaitika au gari linazubaa na kutema moshi. Angalia sindano ya joto. Washa kipoza hewa. Basi.

Ukishalinunua ndipo utaupima ulaji wenyewe: jaza tangi mpaka bomba la kituo lijikate, andika kilomita, tembea angalau km 300, jaza tena pampu ileile mpaka lijikate, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara hii ya pili. Ya dalali ya "lita moja kilomita ishirini" msikilize kama hadithi ya sungura.

HATUA YA 6: Karatasi

Kadi halisi, siyo kopi. Linganisha namba ya chesesi na namba ya injini, kwa sababu dizeli nyingi mitaani zimeshabadilishwa injini. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari. Na "namba D" au "namba E" (herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba) inakwambia limesajiliwa lini Tanzania tu; gari la 1998 linaweza kuwa na namba D. Kama unaagiza nje, tumia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kulipa hata senti, maana umri wa gari unapandisha kodi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbeya): Kaka, langu asubuhi linasumbua kuwaka, jioni linawaka lenyewe. Fundi anataka kushusha pampu, nimpe?

Jibu: Usimpe bado, ndugu yangu. Baridi ya Mbeya inaziumbua hita mbovu. Kwanza wewe mwenyewe: weka ON, subiri kile kitaa chenye alama ya waya uliojikunja kizime, ndipo uwashe. Ikishindikana, apime hita moja moja kwa mita. Hita nne ni hela ndogo sana ukilinganisha na pampu. Baada ya hapo aangalie kama mpira wa mafuta unaingiza hewa usiku. Pampu iwe ya mwisho.

Swali (Mombasa): Mkuu, shikamoo. Binamu yangu anataka kuniuzia Mazda CX-5 ya dizeli, lita 2.2. Mimi kazi yangu Nyali na mjini tu, wikendi Kilifi mara moja moja. Wasemaje?

Jibu: Marahaba. Gari zuri, na kwa mwenye Mombasa–Nairobi kila wiki ningesema chukua. Kwako nasita. Ile ina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na kichujio kinajisafisha kwa kuunguza masizi gari likiwa na moto mwingi kwa muda mrefu. Foleni ya daraja la Nyali haikipi nafasi. Kinaanza kujisafisha, unazima umefika, mara ya pili vilevile. Dizeli ya ziada inayonyunyizwa ili kuunguza masizi inateremkia kwenye oili na kiwango kinapanda. Ukilichukua, pima oili kila wiki na ile safari ya Kilifi ifanye kila Jumamosi, usijikokote. Mpeleke binamu gereji likapimwe kwa kompyuta, akigoma basi ndiyo jibu.

Swali (Morogoro vijijini): Huku tunanunua dizeli ya madumu. Ina shida?

Jibu: Kwa 5L utapona siku kadhaa, kwa D4D utalia. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Ya madumu huenda imechanganywa na mafuta ya taa, nayo ni makavu, yanaisaga. Mnakumbuka neno "uchakachuaji" lilivyovuma? Mafuta ya taa yalikuwa rahisi, watu wakayachanganya kwenye dizeli, mpaka serikali ikapandisha kodi yake mwaka 2011 ili faida ya kuchanganya iishe. Dumu lina ugonjwa mwingine, maji na mchanga. Kama huna namna, acha dumu litulie usiku kucha, mimina taratibu uache kimo cha kidole pale chini, na fungua koki ya chini ya chujio la dizeli utoe maji kila wiki.

Swali (Dodoma): Kaka, nikienda kwa madalali peke yangu kama mwanamke wananizungusha. Fundi wao ndiye anakagua.

Jibu: Dada, fundi wa dalali ni dalali mwenye spana. Tafuta wako kwenye gereji ambayo haijui kama gari lipo, na mlipe hela yake kabla, ununue usinunue. Fundi anayelipwa tu ukinunua atataka ununue. Alfajiri nenda naye bila kupiga simu, mkute limelala.

Swali (Kigoma): Injini imebadilishwa, muuzaji anasema kadi tutabadilisha mbele ya safari.

Jibu: Abadilishe yeye, jina likiwa bado lake. Wewe mpe muda.

Swali (Njombe): Mkuu, lile la Kitonga liliishia wapi?

Jibu: Nilifunga hedi nyingine Iringa, siku nne tumelala gesti. Baadaye nikaliuza, nikamwambia mnunuzi kila kitu mpaka kona ya tatu. Akapunguza bei, nikakubali. Linabeba mayai Mafinga. Mwezi uliopita nilipishana nalo, na dereva bado ana madumu mawili nyuma. Nilitaka kumsimamisha, ila nadhani ni ya kuoshea mayai.