Hadithi ya mtoto na mnyama wa porini: hatua ninazozifuata ninapoandika

Hatua ya 1: Mjue mnyama wako anakula nini. Usikimbilie simba, wameshamkimbilia wengi. Mimi nilimchukua kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja: mgongo mwekundu, nywele nyeupe zilizotimka kuzunguka uso, kidole gumba karibu hakipo. Na hula makaa. Naam, makaa haya ya kupikia. Yeye ni mla majani na matunda mabichi. Majani ya mkungu na mwembe yana vitu vinavyomsumbua tumbo, na makaa huvifyonza. Matunda mabivu yenye sukari nyingi hayamfai.

Hatua ya 2: Hadithi itoke humo humo. Mize, miaka saba, anakaa Pete na bibi yake muuza makaa. Makaa yanapungua. Mize anamvizia mwizi, anamwona, anampenda. Anamwekea ndizi mbivu. Kima anainusa, anaiacha. Kesho yake embe bivu; vile vile. Siku ya tatu Mize anasahau kufunika pakacha la makaa, na hapo ndipo anapoelewa.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mbovu. Kima alikula ndizi, akashukuru kwa Kiswahili fasaha. Nilipoisoma barazani, mtoto mmoja akaniuliza, "Kama anajua kusema, mbona hakumwomba Bibi makaa?" Usiku ule nilifuta maneno yote ya kima.

Hatua ya 3: Pima urafiki kwa umbali. Kima hashikwi, maradhi huvuka kutoka kwa watu kwenda kwao na kurudi. Basi badala ya kukumbatiana, nilihesabu hatua. Mara ya kwanza kima anakimbia Mize akiwa hatua ishirini. Baadaye kumi na tano. Halafu kumi, na hapo Mize mwenyewe anasimama. Watoto huhesabu pamoja nawe, na kila namba ikishuka wanashusha sauti bila kuambiwa.

Hatua ya 4: Anayepinga awe na haki yake. Bibi si mchawi. Makaa ndiyo unga wa nyumba ile, na jina lenyewe linamtisha, kwani punju ni sumu.

"Mjukuu wangu, huyo jina lake tu linakwambia."

"Bibi, mbona mimi mnaniita Kichwa Ngumu na kichwa changu laini?"

Bibi anacheka, lakini pakacha analifunika. Nilikaa wiki nzima kutafuta njia ya kuwapatanisha bila yeyote kudhulumiwa. Nikaipata kwenye tanuri la zamani: chenga zilizobaki chini, ambazo hakuna mteja anayezinunua. Bibi anaacha kulifagia.

Hatua ya 5: Isome kwa sauti. Sema "Paukwa!" usubiri "Pakawa!" Pumzi ikikukatikia katikati ya sentensi, ikate sentensi.

Mwisho wangu sasa ni huu: Mize amesimama hatua kumi. Kima anachambua chenga, anateua moja, anapanda nayo mkungu, na mkia wake unaning'inia kati ya majani.