Njia ya muda ya mabasi kupunguza msongamano Bloor-Yonge, Toronto

Abiria wengi wa Laini ya 2 ya treni ya chini ya ardhi wanaotoka mashariki hushuka kituo cha Bloor-Yonge asubuhi ili wapande Laini ya 1 kuelekea katikati ya mji. Basi liwachukue kabla hawajafika hapo, kwenye kituo cha Sherbourne au Pape. Ukiwangojea Bloor-Yonge kwenyewe umechelewa: jukwaa limeshajaa, ngazi nazo zimeziba.

Piga hesabu kwanza. Basi refu la mita 18 libebe watu 75. Likiondoka kila dakika 2, ni mabasi 30 kwa saa, yaani abiria 2,250, takriban treni mbili zilizojaa. Ni kidogo, lakini kwa jukwaa lililofurika ni nafuu kubwa. Mzunguko mzima ukichukua dakika 40, andaa mabasi 20 na 2 ya akiba.

Njia ya mabasi barabarani iwe na upana wa mita 3.5, koni kila mita 10. Karibu na makutano zisogeze zikaribiane, kila mita 3, maana hapo ndipo magari hujipenyeza. Kinachoua mpango ni magari yanayokata kulia: Kanada huendeshwa kulia, hivyo gari moja linalosubiri waenda kwa miguu wavuke huzuia mabasi yote nyuma yake. Piga marufuku kukata kulia saa za msongamano, na gari la kuvuta liwe karibu kwa wanaoegesha.

Nauli ikaguliwe kabla ya kupanda, milango yote ifunguliwe. Tangazo litolewe ndani ya treni vituo viwili kabla, likitaja dakika za safari. Bila hizo abiria habanduki kitini.