Mbio ndefu ya mwisho kabla ya marathoni ya kwanza: kilomita 20 za chini, 12 za Mweka

Kama umejiandikisha Kilimanjaro Marathon zile 42 kamili na hujawahi kuzimaliza, wiki 3 kabla piga ndefu yako ya mwisho ya mazoezi, kilomita 32 hivi, na usizikimbie zote bondeni maana njia yenyewe inakupa tambarare kwanza afu ukishafika nusu ndo unapandishwa Mweka, huko mlimani juu ya Moshi, na miguu ishachoka. Panga hivyohivyo. Mi natoka Moshi mjini nashika barabara ya TPC (kiwanda cha sukari) kilomita 10, nageuza, nikirudi nakata Shanty Town napanda Mweka 6, nashuka 6.

Toka saa 11 alfajiri, mwezi wa pili Moshi ikigonga saa 3 jua halina utani. Kimbia upande unaoona magari yanakuja, vaa kitu cheupe, mbwa wakikujia tembea tu. Usiku wa kuamkia hiyo ndefu kula wali au ugali uliouzoea, maharage punguza (mwenyewe utajua kwa nini). Mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu, wanaume msione aibu, fulana iliyoloa jasho inachubua mpaka damu. Viatu ni vilevile utakavyokimbilia siku ya mbio, hata kama ni mtumba wa soko la Memorial, muhimu viwe vishauzoea mguu.

Sasa hizi 10 za kwanza ndo zinaua watu. Barabara ya TPC ina kamteremko ukienda, mwaka wangu wa kwanza nikaona mbona mtamu, nikawafata vijana wawili wepesi kama swala, kilomita ya 24 pale kwenye kupanda miguu ikagoma kabisa. Nikakaa kwenye jiwe nalamba chumvi midomoni, mama mmoja anapita na majani ya ng'ombe kichwani, "Pole mwanangu, umetokea wapi?", nikashindwa hata kujibu aisee. Nikarudi na bodaboda, hela kulipa nyumbani. Tangu siku hiyo elfu 5 inakaa kwenye kinailoni ndani ya soksi.

Kipimo ni stori. Ukishindwa kumpigia mwenzio sentensi nzima bila kuhema, punguza. Unayelenga kumaliza kwa masaa 5, hiyo ni dakika 7 na kidogo kila kilomita, basi ndefu iende 7 na nusu mpaka 8, na ukipitwa na watu waache wapite.

Kula kabla hujasikia njaa. Sukari inayotunzwa kwenye misuli na ini haifiki 42, wengi inawakatikia kwenye 30 hivi. Anza dakika ya 40, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ndizi mbivu moja ya kati ina kama 25. Mi natumia tende, hazipondeki mfukoni. Maji funda mbili tatu kila dakika 20, ila usijilazimishe mpaka tumbo linacheza, maji yakizidi sana yanashusha chumvi ya damu na hiyo inaweza kukulaza hospitali. Na vidonge vya maumivu kabla ya kukimbia achana navyo, ukiwa umekauka maji vinaweza kuumiza figo.

Mweka usiangalie juu. Hatua fupi, mikono ifanye kazi, kimbia dakika 4 tembea 1, na uanze kutembea kabla hujachoka sio baada. Kushuka usifunge breki, mapaja ndo yanaharibikia hapo.

Masaa 3 na nusu yakiisha, hata kama uko kilomita 27 tu na 32 hazijafika, rudi nyumbani, inatosha, ukilazimisha zaidi utabeba uchovu mpaka siku ya mbio. Ukifika tembea dakika 10 kwanza, afu bakuli la mtori lenye nyama. Kesho yake utashuka ngazi kinyumenyume, kawaida hiyo, ila kama maumivu yako pointi moja kwenye mfupa, ukibonyeza tu unaruka, weka viatu kabatini ukamuone daktari wiki hiyohiyo.