Stori ya werewolf: jinsi ya kujua ni ya wazee au ya muvi

Ukiuliza watu werewolf (mtu anayegeuka mbwamwitu) ni nini wengi watakwambia mtu kang'atwa, mwezi ukijaa anaota manyoya, ukitaka afe mpige risasi ya fedha. Hiyo kwa sehemu kubwa ni ya Hollywood, hasa baada ya muvi ya The Wolf Man ya 1941, na mimi inaniuma maana za wazee wa Ulaya ni tamu zaidi. Neno lenyewe ni Kiingereza cha kale, wer ni mwanaume, wulf ni mbwamwitu, basi.

Cha kwanza angalia amegeukaje. Za kale mara nyingi kuna kitu kavaa, kajipaka au kavua. Peter Stumpp, aliyeshtakiwa kuwa werewolf akauawa karibu na Cologne, Ujerumani, 1589, alikiri kwa kuogopa mateso (kwahiyo lichukulie kwa tahadhari hilo ungamo) kwamba shetani alimpa mkanda wa kiunoni. Gilles Garnier wa Ufaransa, naye alishtakiwa hivyohivyo, yeye alisema mafuta ya kujipaka. Halafu kuna Bisclavret, shairi la Marie de France la karne ya 12, jamaa anavua nguo anaficha, mkewe akijua anatuma mtu akaziibe na mume anabaki mnyama hivyohivyo. Ukiona nguo zinatajwatajwa soma taratibu, hapo ndo penyewe.

Pili tafuta jeraha. Kwa Petronius, mwandishi Mroma wa karne ya 1, askari anavua nguo makaburini, anakojoa kuzizunguka, anakuwa mbwamwitu, anavamia mifugo anachomwa mkuki shingoni, baadae askari anakutwa kitandani daktari anamtibu shingo! Mwezi upo humo ila unamulika njia tu, haumgeuzi mtu.

Ukikuta risasi ya fedha shtuka. Wanasema mwindaji Jean Chastel alimuua Mnyama wa Gévaudan (mnyama aliyekuwa anaua watu huko Ufaransa) 1767 kwa risasi ya fedha, lakini hiyo fedha waliiongeza waandishi baadae sana.

Na usidhani wote wabaya. Mzee Thiess wa Livonia (leo ni Latvia na Estonia), 1692, aliwaambia mahakimu kabisa kwamba yeye na werewolf wenzake ni mbwa wa Mungu, wanashuka kuzimu kupigana na wachawi warudishe nafaka walizoiba, mavuno yasife. Wakambembeleza atubu akagoma, wakamchapa viboko. Kama unaanza kusoma haya mambo anza na kesi yake, maneno yake mahakamani yaliandikwa na yapo mpaka leo.