Somo: Joto likianza, siku ya familia kishambani ifuate jua

Habari zenu wote. Somo hili ni la familia zenye kishamba kidogo cha nyumbani, kile tunachokilima na kukifugia kwa kupenda tu: kuku kumi hivi, sungura wawili watatu, mbuzi mmoja au wawili, na matuta machache ya mboga. Wengi hudhani hatari iko katikati ya majira ya joto. Mimi naogopa zaidi zile wiki mbili tatu za mwanzo, maana wanyama hawajazoea, miche bado michanga, na sisi wenyewe tunaendelea na ratiba ya siku za baridi.

Mwaka wetu wa kwanza tulimpoteza sungura jike mwenye mimba kwa sababu hiyo hiyo. Asubuhi kizimba chake kilikuwa kivulini, tukaingia ndani tukiwa hatuna wasiwasi. Saa nane mchana binti yangu alimkuta amelala ubavu, masikio ya moto, na hatukuwahi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hatupangi kazi kwa nafasi ya watu wazima. Tunapanga kwa jua.

Hatua ya kwanza: zungukeni wote saa nane mchana

Chagueni siku moja yenye jua, kabla joto halijakolea. Watoto wabebe mawe. Saa nne asubuhi waweke mawe pale kivuli kinapoishia karibu na kila banda, kizimba na chombo cha maji. Warudi saa nane, kisha saa kumi, waweke mawe mengine. Jioni mtaona kwa macho yenu kivuli kilivyohama. Kivuli cha asubuhi hakikusaidii alasiri, jua linapopiga kutoka magharibi, na hizo ndizo saa kali kuliko zote.

Sisi kwa zoezi hilo tuligundua kwamba vizimba vyote viwili na chombo kimoja cha maji vilikuwa juani kuanzia saa saba. Tulivihamisha siku hiyo hiyo. Usipoweza kuhamisha, tundika turubai au gunia, lakini liache upenyo wa hewa katikati yake na paa. Kwenye banda la kuku angalia juu: hewa ya moto hupanda, kwa hiyo kama hakuna tundu la kutokea karibu na paa, banda linageuka tanuri hata milango ikiwa wazi. Tundu hilo lizibwe kwa waya imara wenye matundu madogo, mnyama mla kuku asipite.

Hatua ya pili: maji kabla ya kitu kingine chochote

Hapa nitakaa kidogo. Kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi hata akiwa mzima, na njia zake za kulipunguza ni kutweta mdomo wazi, kuachia mabawa yasigusane na mwili, na kupeleka damu kwenye kilemba chake. Kutweta kunamaliza maji mwilini. Kuku anayetaga hunywa kama robo lita siku ya kawaida, na siku ya joto kali anaweza kufika nusu lita. Kuku kumi, basi, ni lita tano. Ukiwawekea chombo kimoja cha lita tatu asubuhi ukaondoka, wale wanyonge ndio watakaokosa, kwa kuwa wababe hulinda chombo.

Weka vyombo viwili au zaidi, mbalimbali, vyote kivulini. Maji yakipata moto kuku huyakataa, hata akiwa na kiu. Kwa hiyo sisi tunabadilisha mara tatu: alfajiri, saa sita na saa kumi. Hatuongezei juu ya yale ya zamani, tunayamwaga na kusugua utelezi wa kijani.

Mbuzi wa maziwa anaweza kumaliza lita 10 na zaidi kwa siku, na ni mchaguzi: ndoo yenye kinyesi au majani yaliyooza haigusi. Sungura naye hatweti kwa ufanisi kama mbwa, anategemea masikio yake kutoa joto. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikafungwa kitambaa na kulazwa kizimbani, humsaidia sana. Mwenyewe atajilaza kando ya chupa hiyo.

Hatua ya tatu: gawa siku mara mbili

Kazi zote za nguvu zifanyike kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Wanyama pia wale saa hizo. Kumeng'enya chakula kunatengeneza joto ndani ya mwili kwa saa kadhaa, hivyo kuku aliyeshiba pumba adhuhuri anabeba mizigo miwili kwa pamoja. Mchana watu walale, wasome, wapike. Safari pekee ya mchana ni ile ya maji na mayai, na hiyo haizidi dakika kumi. Mayai yasikae kiotani kwenye joto. Kama mna jogoo, yai lililotungishwa linaweza kuanza kukuza kiinitete likipata joto la kutosha.

Hatua ya nne: kila mtoto awe na kazi yake, mwanzo hadi mwisho

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Mtoto hachoshwi na kazi yenyewe. Kinachomchosha ni kuitwaitwa: "njoo shika hapa, sasa nenda, hebu leta ndoo." Mpe kitu kimoja kizima kinachomtegemea yeye.

Wetu mdogo ana miaka mitano. Kazi yake ni kuhesabu kuku jioni wakati wanaingia bandani na kuja kutuambia idadi. Inaonekana ndogo, lakini ndiye aliyegundua siku moja kwamba mmoja hayupo, tukamkuta amenaswa kwenye wavu wa bustani. Wa miaka minane ana sungura: maji, majani, na kila siku kumgeuza kila mmoja na kutazama manyoya ya nyuma. Kukiwa na uchafu, nzi watataga hapo, na funza hutoka ndani ya siku moja tu na kuanza kula nyama. Wa miaka kumi na mbili ana matuta mawili ya mboga, anaamua yeye apande nini, na hatumwingilii hata akikosea nafasi za miche.

Angalieni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ya lita kumi kwa mtoto wa kilo ishirini ni nusu ya mwili wake. Mpe kopo la lita mbili aende mara nyingi, au wekeni pipa karibu na banda ili njia iwe fupi.

Mkono ulioshika kuku, yai au kizimba uoshwe kwa maji na sabuni kabla haujagusa uso au chakula. Kuku mzima kabisa kwa kumtazama anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Tuliweka sabuni na ndoo yenye bomba mlangoni kabisa mwa banda, kwa kuwa sabuni iliyo jikoni husahaulika njiani.

Hatua ya tano: bustani inyweshwe kwa kina

Kunyunyizia kidogo kila jioni kunalea mizizi ya juu juu, na mizizi hiyo ndiyo ya kwanza kuungua. Kipimo chetu ni lita 25 hivi kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki, tukitoa mvua iliyonyesha, na tunagawa mara mbili au tatu. Hiyo ni sawa na milimita 25 za mvua. Watoto wanaweza kupima wenyewe: kopo lenye kuta zilizonyooka likae wazi bustanini, kina cha maji ndani yake kipimwe kwa rula. Udongo wa kichanga utahitaji maji kidogo kidogo mara nyingi zaidi.

Mwagia alfajiri, kwenye shina. Kisha tandaza nyasi kavu au majani unene wa sentimita tano hadi nane, yasiguse shina lenyewe.

Hatua ya sita: usiku mmoja kwa wiki, chukua tochi

Utitiri mwekundu hupenda joto. Mchana umejificha kwenye nyufa za vijiti wanavyolalia kuku, usiku unatoka kunyonya damu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kijiti giza likishaingia. Ikitoka na alama nyekundu, osha banda zima, nyufa zote, na urudie baada ya siku chache, maana joto likiwepo utitiri huweza kumaliza mzunguko wa maisha yake kwa takriban wiki moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Kuku wangu wanakula vizuri lakini tangu joto lianze maganda ya mayai yamekuwa mepesi, mengine yanapasuka mkononi. Niwaongezee chokaa?

Jibu: Karibu, ndugu yangu. Weka maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha peke yake, kila kuku ale anavyohitaji, usichanganye kwenye chakula chao. Lakini usiishie hapo. Kuku anapotweta sana hupoteza hewa ya kaboni dioksidi, damu inabadilika, na mwili unakosa malighafi ya kujengea ganda hata kalisi, yale madini yaliyomo kwenye chokaa na chaza, ikiwepo. Vilevile joto linampunguzia hamu ya kula. Anza na kivuli, hewa na chakula cha alfajiri, halafu chaza.

Swali: Nikimkuta sungura amelegea kwa joto, naweza kumtumbukiza kwenye maji baridi?

Jibu: Hapana, tafadhali. Mshtuko unaweza kumuua. Mpeleke kivulini penye hewa, lowesha masikio yake kwa maji ya ubaridi wa kawaida yasiyo ya barafu, muwekee maji ya kunywa bila kumlazimisha, na mtafute daktari wa mifugo mara moja. Nasema mara moja kwa sababu sisi tulipoteza dakika ishirini tukibishana cha kufanya.

Swali: Dada, mimi nina wa miaka miwili. Anataka kuwa kila mahali nilipo, na nikimfungia ndani analia mpaka anatapika. Nifanyeje saa za kazi?

Jibu: Pole, mama, hayo nimeyapitia mara tatu. Mambo mawili usiyalegeze kamwe. La kwanza ni ndoo: mtoto wa umri huo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita tano tu, kwani kichwa ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua. Kila chombo kisichotumika kimwagwe na kigeuzwe, na vya wanyama viwe ndani ya uzio. La pili ni vifaranga: watoto wa chini ya miaka mitano wanaumwa haraka na salmonela, kwa hiyo atazame kupitia waya, asibusu wala kukumbatia. Baada ya hayo, mbebe mgongoni asubuhi kungali na ubaridi, ufanye kazi nyepesi zile. Nzito ziachie jioni, mtu mwingine akiwa naye.

Swali: Nyanya zangu zina doa jeusi lililodidimia upande wa chini. Ni ugonjwa? Jirani kaniambia nipulizie dawa.

Jibu: Usipulizie. Hilo si la vijidudu. Tunda limekosa kalisi, na mara nyingi udongo unayo, ila maji yanakuja kwa vipindi: leo kufurika, siku nne kukauka. Mmea huibeba kalisi kwa maji. Nyoosha ratiba ya kumwagilia, tandaza nyasi, na matunda yajayo yatatoka safi. Yaliyoharibika yachume, yasinyonye nguvu.

Swali: Kijana wetu wa miaka kumi na minne hataki kabisa. Anasema shamba ni lenu, si lake. Baba yake amekasirika.

Jibu: Kwa kweli ana hoja, kama hakuna alichowahi kuamua. Mkae naye bila hasira mmuulize angetaka kujenga au kujaribu nini. Mtoto wa ndugu yangu alikataa kuku miaka miwili mizima, alipoachiwa kutengeneza mfumo wa kuvuna maji ya paa akawa haondoki uwanjani. Mpeni mpaka wa kazi: dakika thelathini asubuhi, zikiisha ziishe, msimuongezee. Na baba amsalimie asubuhi kabla ya kumtajia kazi.

Swali: Tulikubaliana jogoo wawili waliozidi tuwachinje joto likianza, wanapigana na kuumiza majike. Binti yetu wa miaka saba amempa mmoja jina na analala akimuwaza. Tumfiche?

Jibu: Msimfiche. Akirudi akute jogoo hayupo, hatawaamini tena, na kila mnyama atakayepewa baadaye atamtazama kwa hofu. Mwambieni leo, kwa maneno ya wazi: kuna majike wana vidonda mgongoni, mpelekeni akavione. Kisha mmuulize kama anamjua mtu mwenye nafasi ya kumchukua. Sisi tulimpa binti yetu siku saba za kutafuta. Hakupata. Siku yenyewe alichagua kwenda kwa bibi yake, asubuhi alimpa jogoo punje mkononi, akamshika mgongo, akaondoka. Hatukumlazimisha kula. Baada ya wiki mbili aliuliza mwenyewe kama wale majike wamepona, tukaenda naye bandani na kuyafunua manyoya.