SOMO: Kupanga nyumba ndogo na banda za wageni kwa kufuata kiwanja (picha za Bali msinitumie tena)

Wazee na dada zangu wa Uganda salamu, ni mimi FundiMteremko. Kila mara kuna mtu ananitumia picha ameitoa kwenye simu, nyumba ya vioo iko Bali huko Indonesia, alafu ananiuliza bosi hii kwa kiwanja changu cha Kabale itakula pesa ngapi. Hajasema kiwanja kinateremka wapi, maji yanapita wapi, jua linachoma upande gani. Sasa naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii hii. Naongelea nyumba ya vyumba viwili vitatu au banda za loji, za chini tu. Ghorofa tafuta injinia.

Hatua ya 1. Maliza mambo ya umiliki na mipaka, kisha nenda kwa kamati ya ujenzi ya wilaya, sheria ya udhibiti wa majengo ipo tangu 2013. Ukiwa pembeni ya Ziwa Victoria ujue mita 200 kutoka majini ni eneo la hifadhi, usibishane na mimi, kabishane na NEMA, mamlaka ya mazingira.

Hatua ya 2. Tembelea kiwanja asubuhi, saa nane mchana, jioni, na siku ya mvua kubwa. Hii ya mvua ndo watu wanairuka. Vaa gambuti usimame pale, utaona mwenyewe maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, na hiyo njia yake muachie hata kama ndo pale ziwa linaonekana vizuri kuliko kote.

Hatua ya 3. Chora vitu vilivyopo: miti mikubwa, mawe, njia ya majirani ya kwenda kuteka maji, nguzo za umeme, kaskazini iko wapi. Mti mkubwa usiuguse mpaka umalize kuchora. Mvule uliosimama hauuzwi hadweya.

Hatua ya 4, jua. Sisi tuko kwenye ikweta, ushauri wa vitabu vya Uingereza wa kugeuza nyumba upande mmoja tu hautuhusu. Mwezi wa sita jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, lakini miezi yote hiyo linabaki juu sana, kwa hiyo paa likitokeza mita 1 tu linaupa ukuta wa kaskazini au kusini kivuli cha zaidi ya mita 2 kwenda chini. Mashariki na magharibi ni habari nyingine kabisa. Saa kumi na moja jioni jua limeshainama, ile mita 1 ya paa inakupa kivuli cha nusu mita hivi, dirisha lote liko motoni na chumba kinabaki na hilo joto mpaka usiku. Kwa hiyo urefu wa nyumba ulale mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini, upande wa magharibi weka bafu na stoo. Kama ziwa lako liko magharibi na mgeni analipa kuona jua likizama, sawa, mpe baraza pana, mita 2 na nusu hivi, na kitanda kikae mbali na hilo dirisha.

Hatua ya 5, mteremko. HAPA SOMENI POLEPOLE. Kabale, Kisoro, Fort Portal, Bundibugyo, huku Mbale na Bududa, viwanja vingi vimeinama. Njia iliyozoeleka ni hii: vijana wanachimba kilima upande wa juu, ule udongo wanaumwaga upande wa chini, panakuwa tambarare kama uwanja wa mpira, kila mtu anafurahi, msingi unaanza. Sasa nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi ya Mungu na nusu imekaa kwenye kifusi. Mvua za Machi zikiingia kifusi kinashuka, ile nusu nyingine haishuki, ufa unaanzia chini ya dirisha unapanda mpaka kwenye linta, ile boriti ya juu ya dirisha, tena pale pale udongo mbili zilipokutana. Nililipia jambo hili kwa pesa yangu na sitaki kusimulia.

Msingi wote lazima ushuke mpaka kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa, hata kama upande wa chini ukuta wa msingi utakuwa mrefu na fundi atalia kuhusu mawe. Kifusi kazi yake ni kujaza chini ya sakafu, HAKIBEBI UKUTA. Nyumba iwe nyembamba na ndefu ikifuata usawa wa kilima, na ikilazimika kuwa pana basi ishuke kwa ngazi humo ndani, vyumba juu sebule chini. Ukichimba upande wa juu usiegemeze ukuta wa chumba kwenye kilima, acha uwazi mtu apite na maji yapite, mita 1 na nusu sio nyingi, la sivyo mgeni atakuambia godoro linanuka ukungu na atakuwa sahihi. Upande wa juu kabisa chimba mtaro wa kukinga maji ya mlimani KABLA ya msingi, na mtaro uwe na mahali pa kumwaga ambapo sio kwa jirani. Pakiwa na chemchemi, miti imeinama yote upande mmoja, au ardhi ina nyufa ndefu juu yako, hapo usijenge, tafuta pengine. Bududa mwezi wa tatu 2010 mlima ulifunika kijiji cha Nametsi, watu wengi wamelala huko mpaka leo.

Kupima usawa hakuhitaji mashine. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, maji, na vigingi vinatosha.

Hatua ya 6, baridi na upepo. Ukipanda mita 1,000 joto linapungua digrii 6 hivi. Entebbe iko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Bunyonyi kule Kabale karibu 1,950. Ramani ya Entebbe yenye matundu kila mahali, upepo wa mchana unatoka ziwani kusini unapita chumbani unatokea kaskazini, ni tamu sana Entebbe. Ipeleke Bunyonyi mgeni atalala na koti. Kule geuza: madirisha madogo, dari lazima, ukuta mzito wa magharibi uachwe unywe jua la jioni uutoe usiku. Na usijenge bondeni kabisa, baridi ya usiku inashuka na kujikusanya huko pamoja na ukungu, katikati ya kilima ndo pazuri.

Hatua ya 7, paa. Upande wa Rwenzori ardhi inatetemeka, Toro ilitikiswa 1966 na tena 1994, kwa hiyo ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote, sio anasa, na paa la pande nne ni salama kuliko lile linaloacha ukuta wa pembetatu juu, maana ule ndo unaanguka kwanza. Nyasi zinataka mteremko wa digrii 45, chini ya hapo zinaoza. Gata weka tangu mwanzo: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 40 ni lita 2,400 kabla ya kupotea kidogo, hesabu tenki lako mwenyewe.

Hatua ya 8. Choo na septiki viwe upande wa chini wa mteremko kuliko kisima, umbali wa mita 30 au zaidi.

Maswali hapa, sio inboksi.

BodaTajiri: Bosi nyumba ya vyumba 3 ni milioni ngapi?

FundiMteremko: Umesoma mpaka hatua ya ngapi?

BodaTajiri: Nimesoma juu juu.

FundiMteremko: Sasa soma chini chini. Pima tofauti ya juu na chini ya kiwanja ndo urudi.

DadaWaKasese: Mwalimu asante sana. Mimi kiwanja changu kiko Kasese karibu na mto Nyamwamba, na joto la huku unalijua. Nilifikiria banda za mbao juu ya nguzo, maji yapite chini na hewa ipite. Ni wazo baya?

FundiMteremko: Dada wazo la nguzo ni zuri ila sio kwa sababu ya mto. Nyamwamba ilipofurika 2013 na 2020 haikuleta maji peke yake, ilileta mawe makubwa, na nguzo haizuii jiwe. Waulize wazee maji yalifika wapi miaka hiyo, weka kigingi pale, kisha ujenge juu zaidi ya hapo. Ukishatoka kwenye njia ya mto, nguzo zitakusaidia kwenye joto na hutachimba kilima. Adui yako atakuwa mchwa: nguzo ya mbao isiguse udongo, isimamishe juu ya kigogo cha zege chenye bati la chuma katikati, urefu wa kuinama mtu akakague chini. Oili chafu ya gari usipake, chumba kitanuka na udongo wako utaharibika. Ukichora nitumie nitaangalia, bure.

MjengajiArua: Mimi ninachimba na kujaza miaka yote na nyumba zangu zimesimama. Unatisha watu ili wakuite wewe.

FundiMteremko: Kwenu sehemu nyingi ni tambarare ndugu yangu. Unashindilia na nini?

MjengajiArua: Kompakta, tabaka kwa tabaka, tunamwagia maji.

FundiMteremko: Basi wewe sio unayesemwa. Tabaka nyembamba za sentimita 15 kwa mashine ni kazi halali. Nasema wale wa koleo na miguu. Na hata hivyo kwenye mlima wa Kigezi, huku Kabale na Kisoro, mimi bado nashusha msingi, nipinge tu.

MjengajiArua: Huko Kigezi nakuachia.

MaweKisoro: Mzee sisi huku mawe meusi ya volkano yamejaa shambani. Naweza kujengea ukuta mzima niachane na matofali ya kuchoma? Kuni zimekuwa ghali.

FundiMteremko: Unaweza, na banda litaonekana limeota hapo hapo. Mawe marefu yapite unene wote wa ukuta kila baada ya hatua chache, usijenge ngozi mbili na kujaza takataka katikati, tetemeko likija zitaachana. Ringi bimu juu. Ndani piga plasta au mbao, jiwe tupu kwa baridi ya Kisoro ni adhabu. Kwa kuta za ndani jaribu matofali ya mashine ya mkono yasiyochomwa.

DadaWaKasese: Hayo yasiyochomwa udongo wowote unafaa?

FundiMteremko: Hapana. Swali zuri. Chukua udongo wa chini, sio ule mweusi wa juu, tia kwenye chupa na maji, tikisa, acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa ndo mwingi na mfinyanzi upo kidogo wa kushika, uko vizuri, simenti asilimia 5 mpaka 10. Wa kinamasi uliojaa mfinyanzi utapasuka. Yafunike na uyamwagie maji wiki nzima, usijengee kabla ya siku 28.

LojiEntebbe: Natoka nje ya mada kidogo, wale wadudu wa ziwa wananifukuzia wageni, baraza asubuhi ni jeusi.

FundiMteremko: Taa ya mlangoni ndo inawaita. Iondoe, weka taa moja kali mbali kabisa upande wa ziwa, na barazani taa ya njano yenye kofia inayoangaza chini. Neti kwenye matundu iwe ya kutoka ili uifue.

MaweKisoro: Na nyasi na radi?

FundiMteremko: Kizuia radi weka, na banda za nyasi zipishane mbali, jiko lisiwe chini ya nyasi kamwe. Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoezekwa nyasi, iliungua 2010 na ilikuwa na walinzi.

BodaTajiri: Nimerudi. Tofauti ni mita 4, kutoka juu mpaka chini ni mita 20.

FundiMteremko: Ahaa, sasa tunaongea. Hiyo ni mita 1 kwa kila 5. Nyumba ya upana wa mita 5 ikilala kufuata usawa, upande wa chini sakafu itakuwa mita 1 juu ya ardhi, ukiigeuza ishuke na mlima kwa urefu wa mita 12 ni mita 2 na zaidi, yaani umenunua mawe mara mbili. Mlango upande wa juu, baraza upande wa chini. Kaskazini iko wapi?

BodaTajiri: Upande wa chini.

FundiMteremko: Una bahati. Baraza na madirisha makubwa huko huko chini. Nitumie picha mvua ikinyesha, tukishaona maji ndo tuhesabu milioni zako.